Moshi wa Kiti cha Nyuma

Mrisho alilinusa gari la Mwalimu Manase kabla hajaliona. Alikuwa amelala chini ya lori la vitunguu, mgongo juu ya boksi lililokunjuliwa, harufu ikamfikia huko huko: moshi mbichi wa petroli, na ndani ya moshi huo kitu kingine, kitu cha chakula, kama sufuria ya ugali iliyosahauliwa motoni tangu asubuhi. Akatoka chini ya lori akitema mate.

Alikuwa na miaka kumi na sita ya kuziba na kuchomelea mabomba ya moshi pale Singida mjini. Miaka hiyo haikumzoesha harufu. Ilimfundisha tu kuzitofautisha. Wenzake pale gereji walimcheka kwa kinyaa chake. Alinawa mikono mara kumi kwa siku na hakula chochote kabla hajavua ovaroli. Mama yake, aliyeuza vitenge sokoni, alikuwa akimwambia kwamba mtu mwenye kinyaa kama chake angefanya kazi ya duka la marashi.

Gari liliingia uani likinguruma. Lilikuwa steshenwagoni jeupe la zamani, rangi imefifia hadi kuwa kama ya meno. Dereva alizima, akashuka mzee mrefu mwenye suti ya kaunda iliyopigwa pasi vizuri na kalamu mbili mfukoni. Nyuma, kichwa cha mwanamke kilikuwa nje ya dirisha, pua imezibwa kwa kanga. Alifungua mlango mwenyewe, akatembea hadi kwenye ua wa mabati, akashika nguzo na kutapika. Yule mzee hakugeuka.

“Shikamoo,” Mrisho alisema.

“Marahaba. Wewe ndiye Mrisho?”

“Ndiye mimi, mzee.”

“Naitwa Mwalimu Manase, natoka Mungaa. Nimeambiwa mambo ya ekzosi mjini hapa yanaishia kwako.” Aligonga boneti kwa kiganja, kama mtu anayempigapiga ng’ombe wake mgongoni. “Gari zima hili. Injini kama saa. Lina kelele tu. Nataka liwe kimya kabla ya saa nane.”

“Na mama?”

“Mama yupi?”

“Yule pale. Anatapika.”

“Aa, huyo ni mke wangu, Cecilia. Ndivyo alivyo akipanda gari.” Alicheka kidogo. “Mimi nimefundisha miaka thelathini na minne, nikanunua gari kwa kiinua mgongo changu, halafu mtu wangu mwenyewe analitapikia. Analidekea.”

Mrisho alichota kopo la maji kwenye pipa akampelekea yule mama. Alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu, midomo imepauka, macho mekundu. Alisukutua, akatema, akasukutua tena. Mrisho alimsogezea benchi mahali penye upepo, mbali na gari.

“Kichwa kinauma, mama?”

“Kinagonga,” alijibu. “Hapa na hapa.” Alijishika pande mbili za paji la uso. “Nikishuka, baada ya saa moja kinaacha. Nikipanda, kinarudi.”

Mrisho alirudi kwenye gari akiwa tayari na hasira ambayo hakujua bado aielekeze wapi.

Uvujaji wa moshi hutafutwa injini ikiwa baridi, kwa hiyo walisubiri. Mwalimu alisimama akitazama saa. Baadaye alimsogelea Mrisho na kushusha sauti.

“Kuna mama mmoja atafika hapa, anaitwa Anastazia. Ni mwenyekiti wa kikundi chao cha kule kijijini. Wanataka kulinunua gari hili. Akifika, mwambie unabadilisha oili tu. Sawa? Wanawake ukiwaambia neno ekzosi wanadhani gari limekufa.”

“Wanalitaka la nini?”

“La kubebea wagonjwa. Wajawazito na nini.” Alipunga mkono. “Wewe liweke kimya.”

Injini ilipopoa, Mrisho alifungua boneti, akamwomba Mwalimu awashe. Sauti ikatoka papo hapo: tak, tak, tak, kali na ya haraka, upande ambako manifoldi, kile chuma kizito kinachokusanya moshi wa injini na kuuingiza kwenye bomba, kilikuwa kimefungwa. Kadiri chuma kilivyopata moto na kupanuka, ile tak tak ilififia, ikabaki mngurumo wa chini. Kwa hiyo palikuwa na ufa juu na tundu chini. Alikunja tambara nene, akaenda nyuma na kuziba nalo mdomo wa bomba. Moshi ulipokosa njia yake, ulitafuta nyingine. Ulifuka katikati ya gari, chini ya kiti cha nyuma, na baada ya muda mfupi ukaanza kupanda ndani, mwembamba, wa bluu, ukipitia sakafuni.

“Zima!” alipiga kelele.

Alifungua mlango wa nyuma. Palikuwa na mkeka wa plastiki na juu yake zulia la zamani. Alipoushika ule mkeka, ulikuwa umenata. Aliunyanyua kwa ncha za vidole viwili. Chini yake kulikuwa na magazeti yaliyolowa na kukauka na kulowa tena, na matapishi ya siku nyingi, yale ya juu yamefutwa, ya chini yameachwa yawe gundi. Wadudu wadogo weupe walitembea pembezoni. Na chini ya magazeti, sakafu ilikuwa imeliwa na kutu hadi pakawa na tundu la kupitisha ngumi, ambamo Mrisho aliona sakafu ya gereji.

Alirudi nyuma, akaegemea tairi la lori na kuvuta pumzi kwa mdomo. Alilazimika kwenda kunawa.

“Ni uchafu wa kawaida,” Mwalimu alisema kwa mbali. “Watoto, safari…”

Mrisho alipiga jeki, akaweka stendi, akaingia chini na taa yake. Pale bomba lilipopita chini ya kiti cha nyuma palikuwa na uvimbe, mnene kama paja. Nje palikuwa na bati la kopo la rangi lililofungwa kwa waya wa fensi. Alikata waya kwa koleo. Chini ya bati kulikuwa na gunia lililoungua, likamwangukia kifuani kwa vipande vyeusi. Chini ya gunia kulikuwa na sabuni ya mche iliyoyeyuka na kuganda mara nyingi, ya njano, yenye mapovu ndani. Aliibandua kwa bisibisi. Chini ya sabuni kulikuwa na ugali wa mtama, umekandwa kuzunguka bomba kama udongo wa mfinyanzi, umekuwa mweusi na mgumu. Ile harufu ya asubuhi ilitoka hapo. Ndani ya ugali, panya mdogo alikuwa amefuata chakula usiku wa baridi na kunaswa humo, na safari ya kesho yake ikamwoka. Manyoya yake yalikuwa yameshikana na sabuni. Meno yalikuwa nje.

Mrisho alitoka chini ya gari kwa magoti na viwiko. Alikwenda ukutani, akatapika chai yote ya asubuhi, kisha akatapika bila kitu.

Alipogeuka, Cecilia alikuwa amesimama nyuma yake na lile kopo la maji. Safari hii yeye ndiye aliyempa.

“Umeuona ugali wangu,” alisema.

“Nani alifanya vile, mama?”

“Fundi mmoja wa Ikungi,” Mwalimu alisema upesi. “Tapeli tu. Mafundi wa siku hizi…”

“Ulifanya wewe mwenyewe,” Cecilia alisema. Hakupandisha sauti. Hakumtazama hata mumewe. Alizungumza na Mrisho. “Fundi wa Ikungi alikataa. Alimwambia moshi unaingia ndani, utaua mtu, asipakie watu hadi libadilishwe bomba. Nilikuwa pale. Mwalimu akamwambia, mimi nakaa mbele, dirisha langu liko wazi. Tukarudi nyumbani, akaomba ugali uliobaki, akaingia chini ya gari na tochi. Mimi mbele sikai, mbele wanakaa wageni wake.”

“Cecilia.”

“Tangu Pasaka,” aliendelea. “Siku moja tulitoka kliniki na mjukuu wetu, Magreth, ana miaka minne. Nilimpakata. Sijui tulifika wapi. Nilizinduka niko chini kando ya barabara, na mtoto yuko juu ya majani, mdomo wazi, mashavu yamekuwa mekundu kama amepakwa rangi. Nikamtikisa, haamki. Mwalimu akammwagia maji. Akaniambia, amelala tu huyo, joto. Alikuja kuamka jua limeshapinda, na hakujua jina lake. Jioni ndiyo alilisema.”

Mahali fulani nyuma ya gereji mtu alikuwa akigonga bati.

Mrisho alimtazama yule mzee, suti yake, kalamu zake mbili. Alijikuta anaitazama mikono: mikono safi, kucha zimekatwa vizuri. Ilikuwa imekanda ugali kwenye bomba la moshi, kisha pengine ikanawa, ikaenda kumega mwingine mezani. Alihisi kichefuchefu kile kile cha mkeka.

“Mimi nilidhani ni harufu tu,” Mwalimu alisema hatimaye. “Harufu haiui mtu.”

“Fundi alikuambia inaua,” Mrisho alisema.

“Mafundi husema mengi.”

Mrisho hakutaka kuendelea kumsikiliza. Alirudi chini ya boneti. Palikuwa bado na ule ufa wa juu. Alifungua bati la kinga ya joto, nati moja moja, zote zimekula kutu. Akasugua masizi kwa brashi ya waya. Ufa ulikuwapo, urefu wa kidole, umezungukwa na weusi. Na katikati ya ufa palikuwa na mshono wa kuchomelea uliopasuka.

Alisugua tena, taratibu. Kisha akaacha kusugua.

Kila mchomeleaji ana mwandiko wake. Mrisho alitumia mkono wa kushoto, na mshono wake ulikwenda kinyume na wa watu wengine, ukaishia na kijimkia kilichopinda juu. Kijimkia kilikuwa pale. Alikishika kwa kidole. Alikikumbuka mpaka saa yake. Miaka miwili nyuma, mfanyabiashara mmoja aitwaye Anuari aliingia mbio na steshen jeupe, ana haraka ya kwenda Kintinku. Mrisho aliona ufa. Alijua kwamba chuma cha namna ile hakichomelewi kikiwa kichafu na baridi. Lazima ukisafishe, ukipashe moto, au ukibadilishe kabisa. Lakini ilikuwa Ijumaa, muda wa msikitini umekaribia, na Anuari alikuwa akipiga honi. Akapiga mshono mmoja juu ya masizi. “Hii itakufikisha,” alimwambia. Hakumwambia arudi.

Gari lilipouzwa kwa mwalimu mstaafu, mshono ule uliuzwa nalo.

Grainda ilikuwa karibu na mguu wake. Dakika mbili tu zingetosha kuufuta mshono, na hakuna mtu pale uani angejua kulikuwa na nini. Aliiokota. Aliichomeka kwenye umeme. Alikuwa na maneno mengi ya kumwambia Mwalimu, na yote yalikuwa ya kweli, na yangekuwa rahisi zaidi kuyasema chuma kikiwa cheupe.

“Hodi hapa,” sauti ilisema.

Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, kitambaa kichwani, daftari kwapani. Alimwamkia Mwalimu kwa heshima, akapiga goti kidogo, kisha akaenda kumkumbatia Cecilia na kumtazama usoni kwa muda mrefu.

“Mama Anastazia, karibu, karibu!” Mwalimu alisema. “Tunabadilisha oili tu hapa. Si ndiyo, fundi?”

Mrisho alikuwa ameshika grainda. Kidole kilikuwa kwenye swichi.

“Hapana,” alisema. Aliiweka grainda chini. “Njoo uone, mama.”

Alimwonyesha kila kitu. Mkeka, tundu, ule mkate wa sabuni na ugali na panya aliokuwa ameuweka juu ya karatasi. Anastazia alitazama bila kugusa, kanga mdomoni. Mwalimu alijaribu kusema mara mbili, akanyamaza mara mbili. Mwisho Mrisho alimwonyesha manifoldi.

“Na hapa ndipo pameanzia,” alisema. “Ufa huu uliwahi kuzibwa vibaya. Fundi aliona, akajua hautadumu, akapiga kiraka kwa sababu alikuwa na haraka.”

“Fundi gani?”

“Mimi.”

Cecilia aliinua kichwa.

“Gari lilikuwa la mtu mwingine wakati huo,” Mrisho alisema, na alipojisikia akisema hivyo akajichukia. “Haijalishi. Ni kazi ya mkono wangu.”

Anastazia alifunga daftari lake. Aliwatazama wanaume wale wawili, mmoja mwenye suti na mmoja mwenye ovaroli. Akageuza uso pembeni, akatema mate chini.

“Sisi tulitaka kulaza wajawazito humo,” alisema. “Milango imefungwa kwa sababu ya vumbi. Mama na mtoto tumboni.” Alisema kitu kwa Kinyaturu na Cecilia akajibu neno moja. Kisha akamshika mkono. “Twende dada. Tunapanda basi.”

“Na gari?” Mwalimu aliuliza.

“Kaa nalo.”

Waliondoka. Mwalimu alikaa kwenye tairi kuukuu, magoti yamemfika karibu na kidevu. Suti yake ilishika grisi na hakuona.

“Nitalitengeneza,” Mrisho alimwambia. “Silitengenezi kwa ajili yako. Na ni bure. Lakini usinisemeshe.”

Ilimchukua siku mbili. Manifoldi nyingine aliipata kwa wauza vyuma chakavu, baada ya kukataa tatu za kwanza. Alizigonga kila moja kwa spana na kusikiliza, kwa sababu chuma chenye ufa hulia kama kikombe kilichopasuka. Alifunga gasketi mpya, boliti mpya. Bomba alilikata lote kuanzia mbele hadi kwenye sailensa na kuweka jingine, halafu akachomelea sakafu kwa bati nene pande zote mbili. Mkeka, zulia na magazeti aliyachoma nyuma ya gereji, akisimama upande ambako upepo ulitoka. Alisugua kiti cha nyuma kwa sabuni ya unga na maji ya moto mara nne. Mara ya nne bado kilinuka. Siku ya pili asubuhi, injini ikiwa baridi, aliwasha na kupaka maji ya sabuni kwenye kila maungio. Hakuna povu lililotoka. Alipoziba mdomo wa bomba kwa tambara, injini ilizimika yenyewe, kwa sababu moshi haukuwa na mahali pengine pa kutokea.

Mwalimu, aliyelala kwa ndugu yake mjini, alikuja na kusikiliza.

“Liko kimya,” alisema kwa furaha. “Kimya kabisa!”

Mrisho alimtazama tu. Mtu huyu alikuwa ameambiwa yote, na bado alichosikia ni kelele iliyokwisha.

“Endesha,” alimwambia. “Mimi nakaa nyuma.”

Alipandisha vioo vyote vya nyuma na kumwamuru Mwalimu apandishe cha kwake. Walikwenda hivyo hadi Mungaa, jua likiwachoma kupitia kioo, jasho likimtiririka Mrisho mgongoni, uvundo wa kiti ukimpanda puani. Katikati ya njia Mwalimu alisema, bila kugeuka, kwamba kule shuleni alikuwa akiwafundisha watoto hewa chafu ni nini. Alikuwa na mchoro wake ubaoni, wenye mishale. Kwenye kioo cha kutazamia nyuma Mrisho aliyaona macho ya mzee yamelowa, na hakupata huruma, na hilo nalo lilimkera.

Nyumbani, Cecilia alikuwa akipepeta uwele uani. Mtoto wa kike mwembamba alitoka mbio kuelekea gari, bibi yake akamdaka gauni.

Mrisho alishuka. “Shikamoo, mama.”

“Marahaba.”

“Limekwisha. Nimekaa nyuma kutoka mjini, vioo vimefungwa.”

Cecilia alimkagua macho. “Kichwa?”

“Hakiumi.”

“Mate hayajai mdomoni?”

“Hayajai.”

Alitikisa kichwa akikubali, kama mtu anayepokea habari za shamba la jirani. “Hao kina mama watamleta fundi mwingine alione. Wakilichukua, sawa. Mimi humo siingii tena. Wala huyu.” Akamvuta Magreth karibu na mguu wake, akarudi kwenye ungo. Mumewe alikuwa bado amekaa kwenye usukani, hajui kama ashuke. Hakuna aliyemwambia karibu.

Mrisho alitembea kwa miguu kwenda kusubiri usafiri barabarani. Shati lilimganda mwilini. Alitamani maji na sabuni kuliko chakula. Lakini alipokaa kwenye jiwe, kilichomjia kichwani hakikuwa kuoga, kilikuwa mishono. Ile pikapu ya Urbano wa Kinyangiri, mwaka jana, siku ya mvua. Lile gari la harusi. Haisi ya Mpemba mmoja aliyekuwa akihama. Alijaribu kukumbuka mingapi aliipiga juu ya masizi, akafika saba, na akajua kwamba kuna mingine haikumbuki.

Alitoa simu, akamtafuta Urbano.

“Fundi Mrisho! Habari za siku?”

“Nzuri. Ile pikapu bado unayo?”

“Ninayo, inapiga kazi. Alizeti yote ya msimu huu imebebwa na hiyo. Kwani vipi?”

“Ekzosi niliyokuziba, sikuiziba vizuri. Ilete Jumatatu.”

Urbano alicheka. “Mbona haina tatizo? Inanuka kidogo tu ukifunga vioo.”

“Fungua vioo,” Mrisho alisema. “Usimpakie mtu. Na usiilete Jumatatu, ilete kesho.”